Pesa na data zako hukaa wapi? Mashine pepe na wingu katika vituo vya data

Unapoangalia salio la pesa kwenye simu, jibu hurudi baada ya sekunde chache. Jibu hilo halitoki kwenye laini yako, wala halitoki kwa wakala. Linatoka kwenye kompyuta iliyo mbali, pengine mkoa mwingine, pengine nchi nyingine. Kompyuta za namna hiyo huitwa seva, na jengo zinamokaa huitwa kituo cha data.

Katika miaka 20 iliyopita vituo hivyo vimebadilika sana. Mabadiliko hayo yameletwa na mambo mawili: mashine pepe na wingu. Katika makala haya tunaeleza mambo hayo ni nini, yanafanyaje kazi, na kwa nini mkulima, mfugaji au mwanachama wa SACCOS ana haki ya kuyafahamu.

Kituo cha data kikoje?

Ndani ya kituo cha data kuna makabati ya chuma yaliyopangwa kwa mistari, na ndani ya kila kabati kuna seva zilizolazwa moja juu ya nyingine. Seva hutoa joto jingi, kwa hiyo viyoyozi hufanya kazi usiku na mchana. Umeme ukikatika, betri kubwa huushika mzigo papo hapo hadi jenereta iwake. Mlangoni kuna ulinzi, na si kila mfanyakazi anaruhusiwa kuingia.

Kwa miaka mingi benki, kampuni za simu, viwanda na ofisi za serikali zilijenga vyumba vya aina hii kila moja kwa ajili yake. Na ndani ya vyumba hivyo kulikuwa na desturi moja: kila kazi ilipewa seva yake. Seva ya mishahara, seva ya barua pepe, seva ya kumbukumbu za wateja. Mafundi waliogopa kuchanganya, kwa sababu programu moja ikikwama ingeweza kuangusha na nyingine.

Desturi hiyo ilikuwa salama lakini ilikuwa na gharama. Seva nyingi zilitumia sehemu ndogo tu ya nguvu zake, mara nyingi chini ya asilimia 20, huku zikila umeme na kuhitaji kupozwa muda wote. Ni kama kijiji ambacho kila kaya imenunua mashine yake ya kusaga. Kila mashine inasaga debe moja kwa wiki, na siku zilizobaki imekaa tu, lakini wote wameingia gharama ya kuinunua na kuitunza.

Mashine pepe: nyumba moja, wapangaji wengi

Mashine pepe ni kompyuta isiyo na bati wala waya wake mwenyewe. Ipo ndani ya kompyuta nyingine. Programu maalumu huigawa seva moja kubwa katika sehemu nyingi, na kila sehemu hujiona kana kwamba ni kompyuta kamili, yenye kumbukumbu yake, diski yake na programu zake.

Fikiria nyumba ya kupanga. Msingi ni mmoja, paa ni moja, maji na umeme vinaingia kwa njia moja. Lakini kila mpangaji ana chumba chake na ufunguo wake. Mpangaji mmoja akiunguza chakula, jirani anaendelea na shughuli zake. Ile programu maalumu ndiyo mwenye nyumba: inagawa vyumba, inahakikisha hakuna anayeingia kwa mwenzake, na inaangalia nani anatumia kiasi gani.

Wazo hili si geni. Kampuni ya IBM ya Marekani ililifanyia kazi tangu miaka ya 1960, na mwaka 1972 ilitangaza mfumo wa aina hiyo kwa ajili ya kompyuta zake kubwa. Baadaye seva ndogo za bei nafuu zikaenea, na wengi wakaona hakuna haja ya kugawana. Wazo lilirudi kwa nguvu baada ya kampuni ya VMware kuanzishwa California mwaka 1998. Mwaka 2001 ilitoa programu ya kugawa seva za ofisini. Mwaka 2003 ikatoka Xen, iliyotokana na kazi ya watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza. Mwaka 2007 uwezo huo uliingizwa ndani ya Linux kwa jina la KVM, na mtu yeyote anaweza kuutumia bure.

Faida ya kwanza ni idadi. Kazi zilizokuwa zikihitaji seva kumi zinaweza kuingia katika seva mbili, na bili ya umeme ikashuka. Faida ya pili ni kasi. Zamani, ofisi ikihitaji seva mpya, iliiagiza, ikaisubiri wiki kadhaa, kisha fundi akaja kuifunga. Leo mashine pepe mpya hutengenezwa kwa dakika chache.

Faida ya tatu ndiyo inayokugusa wewe moja kwa moja. Mashine pepe inaweza kuhamishwa kutoka seva moja kwenda nyingine ikiwa bado inafanya kazi. Seva ikihitaji matengenezo, wapangaji wote huhamishiwa kwenye nyumba nyingine, na mteja anayetuma pesa wakati huo hatambui kitu.

Wingu haliko angani

Baada ya kujua kugawa seva vizuri, hatua iliyofuata ilikuwa kuzikodisha. Mwaka 2006 kampuni ya Amazon, iliyojulikana kwa kuuza vitabu na bidhaa mtandaoni, ilianza kukodisha nafasi ya kuhifadhi data na mashine pepe kwa mtu yeyote mwenye intaneti na kadi ya benki. Microsoft na Google zikafuata. Huduma hiyo ndiyo inayoitwa wingu.

Jina hilo huwachanganya watu. Data zilizo kwenye wingu haziko angani. Ziko kwenye seva, kwenye jengo, kwenye mji unaojulikana. Tofauti ni kwamba jengo si lako, na unalipa kadiri unavyotumia, kama umeme wa LUKU. Ofisi yenye wateja wengi mwisho wa mwezi huongeza mashine siku hizo, kisha huzipunguza.

Kwa muda mrefu majengo ya kampuni hizo kubwa hayakuwepo Afrika. Microsoft ilifungua vituo vyake Afrika Kusini mwaka 2019, Amazon ikafungua vya kwake Cape Town mwaka 2020, na Google ikafungua Johannesburg mwaka 2024. Umbali una maana, kwa sababu data ikisafiri njia ndefu, jibu huchelewa.

Kwa hiyo kituo cha data cha kampuni hakionekani tena kama zamani. Baadhi ya kampuni zimefunga vyumba vyao na kuhamia wingu kabisa. Nyingi zimechagua njia ya kati: kumbukumbu nyeti hubaki kwenye seva zao, na kazi nyingine hupelekwa kwenye wingu. Wapo pia waliorudi. Kampuni ya programu ya 37signals ya Marekani ilitangaza mwaka 2022 kwamba inaondoka kwenye wingu, kwa kuwa kununua seva zake yenyewe kungeigharimu kidogo kuliko kukodi.

Mfano wa karibu

M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007, lakini kwa miaka kadhaa seva zake zilikuwa Ujerumani. Mama aliyetuma shilingi mia mbili kutoka Kisumu kwenda Nakuru alikuwa akisababisha ujumbe kuvuka bahari na kurudi. Mwaka 2015 mfumo huo ulihamishiwa kwenye seva zilizoko Kenya.

Serikali nazo zimejenga. Tanzania ina Kituo cha Taifa cha Data jijini Dar es Salaam, na Kenya ina kituo chake katika mji wa teknolojia wa Konza. Mei 2024, Microsoft na kampuni ya G42 ya Falme za Kiarabu zilitangaza mpango wa kujenga kituo kikubwa huko Olkaria, Kenya, kitakachotumia umeme wa joto la ardhini.

Mambo yanapoharibika

Wengi wetu tunaijua kauli ya dirishani: “Mtandao uko chini, rudi kesho.” Kwa mtu aliyepanda basi tangu alfajiri kufuata malipo ya mazao, kauli hiyo ni nauli iliyopotea. Teknolojia hizi mpya hupunguza tatizo hilo, lakini zina udhaifu wake.

Udhaifu wa kwanza ni njia. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika upande wa kusini mwa pwani ya Afrika Mashariki. Intaneti ilidhoofika Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na nchi nyingine. Seva za nje zilikuwa nzima. Kilichokosekana ni barabara ya kuzifikia.

Udhaifu wa pili ni jengo lenyewe. Tarehe 10 Machi 2021 moto uliteketeza kituo cha data cha kampuni ya OVH mjini Strasbourg, Ufaransa. Wateja waliokuwa na nakala katika mji mwingine waliendelea na kazi. Wale ambao hawakuwa na nakala popote, au ambao nakala zao zilikuwa hapo hapo, baadhi yao walipoteza kila kitu. Kukodi wingu hakumaanishi kwamba nakala ya pili ipo. Lazima iombwe na ilipiwe.

Udhaifu wa tatu ni kuta. Januari 2018 watafiti walitangaza kasoro mbili zilizoitwa Spectre na Meltdown, zilizokuwa ndani ya vifaa vya kompyuta vyenyewe. Zilionyesha kwamba mpangaji mjanja angeweza kuchungulia siri za chumba cha jirani. Marekebisho yalitolewa haraka, lakini funzo lilibaki: ukuta wa mashine pepe ni imara, hauna hakika ya asilimia 100.

Udhaifu wa nne ni kumtegemea mwenye nyumba. VMware ilinunuliwa na kampuni ya Broadcom Novemba 2023, na utaratibu wa leseni ukabadilika kutoka kununua mara moja kuwa kulipia kila kipindi. Wateja wengi duniani walilalamika kwamba gharama zimepanda. Aliyejenga shughuli zake zote juu ya mfumo mmoja hawezi kuhama kwa siku moja.

Sheria inasemaje?

Data zako zikiwa kwenye seva ya mtu mwingine, bado ni taarifa zako. Kenya ilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Data mwaka 2019. Tanzania ilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, ikaanza kutumika Mei 2023. Sheria zote mbili zinampa mwananchi haki ya kujua taarifa zake zinatumiwaje, na zinaweka masharti kabla ya taarifa hizo kupelekwa nje ya nchi.

Unachoweza kufanya

Siku hizi hata SACCOS na vyama vya ushirika vya mazao vinashawishiwa kuacha madaftari na kuhamia kwenye mifumo ya wingu. Mara nyingi ni hatua nzuri, kwa sababu daftari nalo huungua, huliwa na mchwa, au hufutwa na kuandikwa upya na mtu asiye mwaminifu. Lakini kabla ya mkutano mkuu kupitisha uamuzi huo, tunashauri wanachama waulize maswali haya:

Seva zilizo na kumbukumbu zetu ziko nchi gani? Je, kuna nakala katika mji mwingine, na lini mara ya mwisho nakala hiyo ilijaribiwa? Intaneti ikikatika siku ya kupima mazao, karani ataandika wapi? Mkataba ukiisha au kampuni ikifungwa, tutapewa kumbukumbu zetu kwa namna tunayoweza kuisoma? Bei ikipanda, tuna njia ya kuhama?

Kampuni isiyoweza kujibu maswali hayo kwa lugha rahisi haijajiandaa kuwatunzia mali yenu.

Kwako binafsi, usifute haraka ujumbe wa muamala unaoingia kwenye simu. Namba ya muamala iliyo ndani yake ndiyo inayomwezesha mhudumu kuitafuta rekodi yako. Stakabadhi ya karatasi unayopewa kwenye mizani nayo itunze hadi malipo yaingie. Seva zikitofautiana na kumbukumbu yako, ushahidi ulio mkononi mwako ndio utakaokutetea.