Ardhi ya Sikukuu

Mkataba wa Agosti 1904 kati ya Sir Donald Stewart, kamishna wa Uingereza, na wazee wa Kimaasai wakiongozwa na laibon, yaani kiongozi wao wa kiroho, Olonana, hutajwa siku zote kama mkataba wa kuhama. Ndivyo ulivyokuwa. Uliwaondoa Wamaasai kwenye malisho ya Nakuru, Elmenteita na Naivasha, ukawagawa mafungu mawili, hawa Laikipia, wale kusini mwa reli, ili walowezi wapate mashamba karibu na njia ya treni. Lakini ndani yake mna ombi ambalo wasomaji wengi hulipita mbio. Wazee walitaka wabakiziwe angalau maili 5 za mraba kwenye miteremko ya Kinangop, mahali ambapo wazee Ole Gilisho na Masikonde wangepaonyesha, wapate kufanyia tohara na sherehe zao kwa desturi ya mababu.

Nimelisoma ombi hilo mara nyingi, na kila mara linanigusa. Watu wanaondolewa nchini mwao, wana nafasi finyu ya kusema wanachotaka kiandikwe, na miongoni mwa machache wanayodai ni uwanja wa sherehe. Walijua rika haliwezi kupanda daraja kila mtu akiwa bomani kwake. Lazima pawe na mahali panapojulikana, na watu wapate nafasi ya kufika. Mwaka 1911 waliokuwa Laikipia waliamriwa kuhama tena kwenda kusini. Walikwenda mahakamani mwaka 1913 wakashindwa, majaji wakisema mkataba ule ni wa dola mbili na mahakama haina mamlaka juu yake.

Kutoka Kinangop naifuata historia hiyo hadi Rhonda, mtaa wa wapangaji na vibarua mjini Nakuru, jirani wa Kaptembwo, si mbali na uzio wa Mbuga ya Ziwa Nakuru. Ninachokitafuta njiani ni kimoja: katika nchi hii ya Bonde la Ufa, nani amepata mahali pa kuifanyia sikukuu yake, na nani amepata siku ya kupumzika?

Kabla ya reli, waliopita hapa na dini ya kigeni walikuwa watu wa misafara kutoka Pwani, wakienda Baringo kutafuta pembe. Jumbe Kimameta wa Pangani, aliyesafiri na Joseph Thomson mwaka 1883, alikuwa mmoja wa wakuu wao. Kwa watu kama hao, mwezi wa Ramadhani na mwezi wa Mfunguo Tatu ilikuja popote ilipowakuta, na uwanja wa Idd ulikuwa pale mizigo ilipotuliwa.

Reli ilifika Nakuru mwaka 1900. Kuijenga, Waingereza walileta karibu wafanyakazi 32,000 kutoka Bara Hindi, wengi wao wa Punjab, wakiwamo Waislamu, Masingasinga na Wahindu. Takriban 2,500 walifia kazini. Waliobaki walifanya kazi kwenye stesheni na karakana, wengine wakafungua maduka, na kila walipotulia walijenga pa kuabudia. Masingasinga wa reli walijenga gurdwara ya Makindu mwaka 1926, na hadi leo msafiri yeyote akiingia hupewa chakula bila kuulizwa dini. Nakuru nao wana gurdwara yao. Vaisakhi, katikati ya Aprili, wanakumbuka siku ya mwaka 1699 ambapo Guru Gobind Singh aliunda jumuiya ya Khalsa kule Anandpur. Wanaketi chini wote kwa mstari, tajiri na maskini, na dengu inagawiwa kutoka sufuria moja. Sijui njia bora zaidi ya kumwonyesha mtoto maana ya usawa.

Wayahudi nao walikaribia kuwa na nchi hapa. Mwaka 1903 Uingereza ilikuwa tayari kuwapa uwanda wa Uasin Gishu, lakini kongamano lao likakataa mwaka 1905. Miaka zaidi ya 30 baadaye walikuja wachache wakimkimbia Hitler. Mwandishi Stefanie Zweig, aliyefika akiwa mtoto mwaka 1938, alisomea shule ya bweni papa hapa Nakuru.

Kwenye mashamba ya walowezi mambo yalikuwa mengine. Sheria ya mwaka 1918 ilimtaka Mwafrika aliyeishi shambani mwa Mzungu amfanyie kazi siku zisizopungua 180 kwa mwaka. Mwenye kalenda alikuwa mwenye shamba. Jumapili na Krismasi vilijulikana, lakini sherehe za rika, za mavuno na za mvua zilibidi zisubiri ruhusa. Na waliojitafutia mahali pao wenyewe waliangaliwa kwa shaka. Akorino, watu wa vilemba vyeupe, walikuwa wakikutana msituni kusali. Februari 1934 polisi waliwapiga risasi watatu wao, Joseph Ng'ang'a akiwamo, katika msitu wa Ndarugu. Inauma kulisoma tukio hilo, kwa sababu msitu ndio uliokuwa kanisa lao.

Leo Akorino wako Rhonda na ngoma zao. Wako Legio Maria, kanisa lililoanzishwa na Simeo Ondeto na Gaudencia Aoko mwanzoni mwa miaka ya 1960, na kanzu zao za rangi. Wako Wasabato, wanaoihesabu historia yao tangu misheni ya Gendia ya mwaka 1906, na Jumamosi hawagusi kazi. Ijumaa adhuhuri Waislamu wanakwenda msikitini. Hivyo, ukiiongeza Jumapili, mtaa mmoja una siku tatu za ibada kwa juma, zote zikipita katika vijia vile vile vyembamba.

Kitu kinachoonyesha haya waziwazi ni Njia ya Msalaba ya Wakatoliki siku ya Ijumaa Kuu. Msalaba ni mbao mbili nzito za mkaratusi zilizopigiliwa misumari ya mjengo, na vijana wanapokezana bega. Vituo ni 14, na kwa kuwa hakuna kiwanja, vinapangwa barabarani: kimoja mbele ya posho mill, kingine kwenye kibanda cha mama mboga, kingine pale wa bodaboda wanapongoja abiria. Waendesha pikipiki wanazima injini. Mama mboga anasogeza mafungu yake ya sukuma wiki watu wapate kupiga magoti, na kama mvua za Aprili zimewahi, wanapiga magoti kwenye matope. Sherehe hii inaishi kwa ukarimu wa majirani, na wengi wa majirani hao si Wakatoliki.

Ukarimu huo umewahi kuvunjika. Mwishoni mwa Januari 2008, vita vya baada ya uchaguzi viliingia Nakuru na kuipasua mitaa ya magharibi mwa mji kwa makabila. Maelfu walikimbilia uwanja wa maonyesho, Showground. Pasaka ya mwaka ule, tarehe 23 Machi, iliwakuta bado ndani ya mahema.

Sheria ya sikukuu ya Kenya, Sura ya 110, inawapa wote Ijumaa Kuu, Jumatatu ya Pasaka, Krismasi na Idd-ul-Fitr. Diwali ni ya Wahindu. Idd-ul-Azha imeandikwa kuwa ya Waislamu, ingawa miaka ya karibuni Gazeti Rasmi limekuwa likiitangaza kwa nchi nzima. Ni jambo jema, na nchi nyingi hazijafika hapo. Lakini Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inamtambua kibarua kuwa mtu anayelipwa jioni ya kila siku na asiyeajiriwa kwa zaidi ya saa 24 mfululizo. Rhonda imejaa watu hao: wa mjengo, wa kufua nguo, wa kupakua magunia sokoni. Ajira ya kibarua inakwisha jioni, na sikukuu inapoingia kesho yake hana mwajiri wa kumdai mshahara wa siku hiyo. Mwezi wa Idd ukionekana usiku, fundi Mwislamu anampigia msimamizi simu kuuliza kama kesho kuna kazi. Akiambiwa ipo, anasali Idd asubuhi na mapema, kisha anaondoka na mwiko wake kwenda mjengoni, na pilau wanaila watoto na mama yao.