Upanga Ulipata Kanuni Kabla ya Busu

Tamthilia ya Romeo and Juliet ina mambo mawili yanayowagusanisha waigizaji miili: upanga na busu. Kwa miaka mingi, vyuo vikuu vya Marekani vilipoiandaa, la kwanza lilipewa mwalimu wake. Panga zilikuwa butu, kila hatua ilihesabiwa, na kabla ya pazia kufunguliwa waigizaji waliyarudia mapigano polepole. Ilipofika zamu ya busu, mara nyingi mwongozaji aliwaambia vijana wawili wakakae pembeni wakamalizane wenyewe.

Upanga ulitangulia kwa sababu jeraha lake halifichiki. Mwaka 1969 wataalamu wa Uingereza waliunda chama cha waongozaji wa mapigano ya jukwaani, na mwaka 1977 David Boushey akaanzisha cha Marekani. Mafunzo yao yaliingia madarasani pamoja na siri ambayo mtazamaji haioni: anayeonekana kupigwa ndiye anayeongoza. Mwigizaji "akivutwa nywele", mwenzake huweka tu ngumi juu ya kichwa chake. Anayevutwa huishika ngumi hiyo kwa mikono miwili, akaamua aende wapi na kwa kasi gani. Akitaka kuacha, huacha.

Mahaba hayakufikiriwa hivyo. Tangu Actors Studio ilipofunguliwa New York mwaka 1947, na Lee Strasberg kuifanya kitovu cha mbinu yake, iliaminika sana kwamba mwigizaji bora huchota hisia kutoka maishani mwake. Busu lililopangwa kwa hesabu lingeonekana la uongo. Mazoezi ya uigizaji wa papo kwa papo nayo yaliwafunza vijana kupokea lolote mwenzao analoleta, bila kulikataa.

Chuoni mzigo ulizidi. Mwongozaji wa onyesho mara nyingi ndiye mwalimu anayetoa alama, anayegawa nafasi za onyesho lijalo, anayeandika barua ya kumwombea mwanafunzi kazi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mwanafunzi aliyeitaka nafasi aliinama. Ukimya wake ukahesabiwa kuwa ridhaa.

Mabadiliko yalianzia chuoni humohumo. Mwaka 2006 Tonia Sina, mwanafunzi wa shahada ya uzamili katika Virginia Commonwealth University, aliandika tasnifu kuhusu namna ya kuandaa matukio ya mahaba jukwaani. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka: busu lipangwe kama pigano. Wahusika wazungumze kwanza, wakubaliane, kisha kila mguso upewe mahali na muda wake. Miaka kumi baadaye, mwaka 2016, yeye na wenzake Alicia Rodis na Siobhan Richardson wakaanzisha Intimacy Directors International. Wote watatu walikuwa wamepitia kazi ya mapigano ya jukwaani.

Chicago nako kulikuwa kumechemka. Vuguvugu la wasanii dhidi ya unyanyasaji, lililoongozwa na Lori Myers, Not In Our House, lilizaa mwongozo wa kujitawala kwa majumba ya maigizo, uliotolewa mwaka 2017. Vuli ya mwaka huohuo tuhuma za unyanyasaji wa kingono dhidi ya mtayarishaji filamu Harvey Weinstein zikalipuka. Mwaka uliofuata HBO ikampa Rodis kazi ya kusimamia matukio ya faragha katika tamthilia ya The Deuce, na taaluma iliyochipukia darasani ikafika kwenye televisheni.

Madarasa hayakuachwa nyuma. Chelsea Pace na Laura Rikard, wote walimu wa vyuo vikuu, walianzisha Theatrical Intimacy Education mwaka 2017, na mwaka 2020 Pace akatoa kitabu Staging Sex. Katika njia yao, mwanafunzi hupitisha mikono yake juu ya mwili wake mwenyewe akimwonyesha mwenzake panapogusika, na anaruka pasipogusika bila kudaiwa sababu. Wiki za kwanza za mazoezi, mahali pa busu viganja hugusana tu. Likiwadia busu lenyewe, mwongozaji hasemi "mpende zaidi". Anasema nani asogee, kwa umbali gani, kwa hesabu ngapi. Na lipo neno la kusimamisha zoezi, "button", yaani kifungo cha shati. Limechaguliwa jepesi makusudi, ili anayelitamka asionekane analeta kesi.

Leo, katika vyuo vilivyoufuata utaratibu huu, waigizaji hufika mapema kabla ya onyesho. Tybalt na Mercutio, wahusika wanaopigana katika tamthilia hiyo, huinua panga zao polepole. Wakimaliza, Romeo na Juliet husimama palepale wakapitia hesabu zao, msimamizi wa jukwaa akifuatilia kwenye daftari lenye mapigano na mabusu kwa mwandiko uleule. Juliet akisema leo midomo haiguswi, viganja vinarudi, na onyesho linaanza kwa wakati wake.