Toutou: Jina la Mbwa katika Vita vya Ziwa Tanganyika

Mbwa hana sauti katika jina lake. Hupewa tu, akaitikia. Ndiyo maana twaona kuwa jina la mbwa humweleza zaidi yule aliyelitoa kuliko mnyama mwenyewe. Anayemwita mbwa wake Simba atueleza alilolitamani, hata kama mnyama huyo hukimbia akimwona paka wa jirani.

Katika mwambao wa Burundi, kuanzia Kabonga mpakani hadi Rumonge na kuendelea hadi Bujumbura, wasomaji wetu wamezoea majina yenye maneno ndani yake. Mrundi aweza kuitwa Nzikobanyanka, yaani "najua kwamba wananichukia", na jirani aliyekusudiwa akalisikia kila mtoto anapoitwa. Mtaalamu Philippe Ntahombaye aliandika kitabu kizima juu ya majina ya Warundi, kilichotoka mwaka 1983. Na kwa Waislamu wa Rumonge liko jina moja la mbwa lenye heshima kuu, nalo ni Kitmiri. Qur'ani, katika sura ya 18, yamtaja mbwa wa Watu wa Pangoni, aliyenyosha miguu yake ya mbele kizingitini, lakini haimpi jina. Jina limetoka kwa wafasiri, waliotaka mlinzi huyo asibaki bila kuitwa.

Lakini liko jina jingine la mbwa lililopita katika ziwa hili hili, na hilo ndilo tulilokusudia kulieleza.

Vita Vikuu vya Kwanza vilipoanza mwaka 1914, pwani ya Burundi ilikuwa mikononi mwa Wadachi, na ng'ambo ya maji walikuwako Wabelgiji wa Kongo. Wadachi walilitawala ziwa kwa meli zao. Moja iliitwa Hedwig von Wissmann, kwa jina la mke wa aliyekuwa gavana wao. Nyingine Kingani, ambalo ni jina jingine la mto Ruvu, ule umwagao maji yake karibu na Bagamoyo. Mwaka 1915 ikaongezeka meli kubwa, Graf von Götzen, kwa jina la gavana mwingine.

Waingereza wakaamua kuleta motaboti mbili ndogo, kila moja ikiwa na urefu wa mita 12 hivi. Mkuu wa msafara, Geoffrey Spicer-Simson, aliombwa apendekeze majina. Akapendekeza Paka na Mbwa. Wakuu wa jeshi la majini wakayakataa, kwa kuwa hayakufaa manowari za mfalme. Basi akaleta mengine mawili, Mimi na Toutou, nayo yakakubaliwa. Wenzetu wa Burundi waliojifunza Kifaransa hawahitaji kufasiriwa: toutou ni neno la kitoto la kumwitia mbwa, na mimi ni la kumwitia paka. Wakubwa walikuwa wamepewa paka na mbwa wale wale, ila sasa wamevaa nguo za Kifaransa.

Motaboti hizo zilisafirishwa kwa meli hadi Cape Town, kisha kwa reli hadi Fungurume katika Katanga. Hapo reli ilikwisha. Ikabidi zivutwe juu ya milima ya Mitumba kwa mashine za mvuke, kwa maksai, na kwa mikono ya watu. Mamia ya Waafrika walikata miti, wakapasua njia, wakajenga madaraja mengi, wakachota maji ya kunywesha zile mashine. Baadaye zikapita tena kwa reli na kwa mto Lualaba, hata zikafika Lukuga, mahali paitwapo leo Kalemie, mwezi wa Oktoba 1915. Masimulizi ya safari hiyo hutaja maofisa kwa majina na vyeo vyao. Wale waliovuta kamba hutajwa kwa wingi wao tu. Jina la mbwa asiyekuwako limehifadhiwa kwa zaidi ya miaka mia moja, na la mtu aliyembeba mabegani halikuandikwa. Jambo hili latusikitisha kuliko tunavyoweza kulichekea.

Tarehe 26 Desemba 1915 Mimi na Toutou ziliikamata Kingani baada ya mapigano ya dakika chache. Washindi wakaibadili jina, wakaiita Fifi, neno jingine la mzaha wa namna ile ile. Hivyo meli pekee kati ya hizo tulizozitaja iliyokuwa na jina la Kiafrika ikalipoteza. Tarehe 9 Februari 1916 Hedwig von Wissmann ikazamishwa na Mimi pamoja na Fifi. Toutou haikuwamo katika mapigano hayo. Mwezi wa Juni Wabelgiji waliingia Usumbura, ndiyo Bujumbura ya leo, na mwezi wa Julai Wadachi wakaizamisha Götzen kwa mikono yao wenyewe. Iliibuliwa mwaka 1924, ikarudi kazini mwaka 1927 kwa jina la Liemba, ambalo Livingstone alilisikia likitumiwa kwa sehemu ya kusini ya ziwa.

Mwalimu atakayekisoma kisa hiki darasani ajiandae kwa maswali. Wanafunzi watacheka kusikia chombo kijiitacho "Mimi", na mmoja atauliza kama Fifi ilifika ikiwa imefifia. Swali gumu zaidi ni la ngeli. Je, tuseme Toutou alipigana, kwa kuwa ni mbwa, au Toutou ilipigana, kwa kuwa ni motaboti? Sisi tumeandika "ilipigana" na "haikuwamo" kila tulipohitaji, kwa kufuata chombo wala si jina. Tunajua hata hivyo kwamba mabaharia wetu husema "Liemba amefika", wala hatudhani kwamba wamekosea.