Maeneo ya kutazama machweo jijini Mwanza

Mwanza ni jiji la Tanzania lililo kwenye ufuo wa kusini wa Ziwa Viktoria, maarufu kwa jina la Jiji la Miamba. Ghuba ya Mwanza iko upande wa magharibi wa jiji, hivyo jua huonekana likizama juu ya maji.

Capri Point, rasi yenye vilima na mawe makubwa, ndiyo inayosifika zaidi. Karibu nayo, jirani na kivuko cha Kamanga, lipo Jiwe la Bismarck, ambalo huonekana kama kivuli cheusi mbele ya anga jekundu. Mlima wa Bugando, ilipo hospitali ya rufaa, hutoa mandhari pana ya mji na ziwa kwa pamoja. Luchelele, kusini mwa jiji, ina ufuo tulivu ukingoni mwa ghuba.

Kwa kuwa Mwanza iko karibu na ikweta, saa ya machweo hubadilika kidogo tu: jua huzama kati ya saa 12:35 jioni na saa 1:10 usiku mwaka mzima.