Panya wa Bazaar na Ramani ya Nairobi

Katika kumi hili la mwisho wengi wetu tukitoka Msikiti wa Jamia baada ya Alasiri huvuka hadi Biashara Street kutafuta kanzu na vitambaa vya Idi. Ni mwendo wa dakika chache tu. Mtaa huo zamani ukiitwa Bazaar, na Bazaar ya mwanzo ya Nairobi ilichomwa moto kwa amri ya serikali. Ndani ya kisa hicho mna jibu la swali ambalo vijana huuliza kila siku: mbona ukipanda matatu namba 46 unapita kwenye majumba ya Kilimani na Lavington, miti na nyasi, halafu ghafla uko Kawangware kwenye mabati?

Mwaka 1902 tauni iliingia Bazaar ya Wahindi. Mji wenyewe ulikuwa na umri wa miaka mitatu tu, umezaliwa na reli mwaka 1899 kwenye bonde la majimaji. Watu walibanana na mitaro ilikuwa duni. Daktari wa serikali akaamuru soko litiwe moto, likateketea. Lakini tauni ilirudi tena miaka iliyofuata, moto au hakuna moto.

Basi mwaka 1913 wakubwa wa London wakamtuma mtaalamu, Profesa William Simpson. Huyu hakuwa mtu wa kubahatisha. Alikuwa amewahi kuwa afisa wa afya wa mji wa Calcutta, alifundisha madaktari London, na mwaka 1905 alitoa kitabu kizima juu ya tauni. Alizunguka Kenya, Uganda na Zanzibar, akaandika ripoti yake. Alishauri mitaro, maji safi na nyumba zenye hewa, na hayo hakuna wa kuyapinga. Lakini kiini cha ripoti kilikuwa hiki: mji ugawanywe kwa rangi. Wazungu kwao, Wahindi kwao, Waafrika kwao, na katikati uwachwe ukanda mtupu usiojengwa. Sababu aliyotoa ilikuwa afya ya Mzungu.

Hapa tusimame kidogo. Tangu mwaka 1898 Mfaransa Paul-Louis Simond alikuwa ameonyesha, kule Karachi, kwamba tauni hubebwa na kiroboto kutoka kwa panya. Watafiti wa India wakalithibitisha jambo hilo miaka michache baadaye. Simpson alijua habari za panya kuliko karibu kila mtu aliyekuwa Nairobi siku zile. Na panya, jamani, haulizi rangi ya mtu. Dawa ya panya ni ghala safi, taka kuondolewa na nyumba kujengwa vizuri, na hayo yote ni gharama ambayo serikali ingepaswa kuilipa hapo hapo Bazaar. Kuchora mstari kwenye ramani ni rahisi zaidi.

Kisa cha Sayyidna Umar (RA) na tauni ya Sham tumekisikia darasani. Aliwaita Muhajirina, akawaita Answari, akawaita wazee wa Kikureshi, akasikiliza hoja zao zikipingana, akaazimia kurudi. Ndipo Abdulrahman bin Auf (RA) akaja na hadithi ya Mtume (SAW) iliyoafiki uamuzi ule. Agizo lenyewe lilimhusu kila aliyekuwa ndani ya ardhi ile na kila aliyekuwa nje yake, bila kutazama kabila. Huko Nairobi, watu wa Bazaar hawakuitwa katika shauri lolote.

Sisi Wakenya tumezoea kulalamika kwamba ripoti hukaa kabatini zikaliwa na mchwa. Natamani hii ingekaa. Vita vilizuka mwaka 1914 na si kila kitu kilitekelezwa, lakini wazo lilishika. Miinuko ya magharibi yenye udongo mwekundu usiotuamisha maji ikawa ya Wazungu. Kileleshwa, ambayo leo ni mtaa wa maghorofa, ilikuwa na kijiji cha Waafrika, kikaondolewa. Pangani, kijiji cha Waislamu wengi, kikabomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930. Watu wakasukumwa mashariki, Pumwani na kuendelea, kwenye udongo mweusi unaonata mvua ikinyesha. Wahindi walipinga, mmoja wa viongozi wao akiwa A.M. Jeevanjee, Mwislamu mzaliwa wa Karachi hiyo hiyo ya Simond. Mwaka 1923 serikali ya Uingereza ikakubali kwamba ubaguzi wa makazi usiwe sheria mijini. Lakini masharti yalibaki kwenye hati za viwanja, kwa hiyo mlango ulifungwa vile vile.

Utafiti wa namna nyingine ulichelewa sana. Mwaka 2000 kituo cha APHRC cha hapa Nairobi kiliingia mitaa ya mabanda kikauliza nyumba kwa nyumba. Kikakuta kwamba kati ya watoto 1,000 wanaozaliwa huko, 151 hufa kabla ya kutimiza miaka mitano, wakati kwa nchi nzima walikuwa kama 112. Kabla ya hapo takwimu za Nairobi zilionekana nzuri kwa sababu mtoto wa Lavington na wa mabandani walitiwa kwenye wastani mmoja. Baada ya hapo hakuna aliyeweza kusema ati kila mtoto wa mjini ana nafuu kuliko wa kijijini.

Kisha ikaja sensa ya 2009. Kibera iliyosemwa kila mahali kuwa na watu milioni moja ilihesabiwa watu 170,070. Wengine walibisha. Lakini sensa hiyo ilifanya jambo jingine lisilozungumzwa sana: kwa mara ya kwanza Wanubi, Waislamu wenzetu walioikalia Kibera tangu mwanzo wa karne ya ishirini, walihesabiwa kwa jina lao badala ya kutiwa katika fungu la "wengineo". Hesabu peke yake haikuwapa ardhi. Palikuwa na kesi, na mwaka 2011 kamati ya Afrika ya haki za mtoto iliamua kwamba Kenya imewadhulumu watoto wa Kinubi katika suala la uraia. Mwaka 1918 Kibera ilikuwa imetangazwa kuwa eneo la askari, zaidi ya ekari 4,000. Hati ya ardhi ya jamii walikabidhiwa mwaka 2017. Ilikuwa ya ekari 288.