Diski Isiyoonekana Si Diski Tupu

Nilikuwa Kikole, wilayani Kilwa, nikiwasikiliza wazee, simu ilipoita. Aliyepiga alikuwa mwanafunzi wangu wa zamani, sasa mtumishi wa umma. Usiku umeme ulikatika kazini kwake. Seva ilipowashwa upya, hifadhi yenye majalada ya ardhi haikuonekana.

"Mwalimu, mwenzangu ananishauri tuifomati diski ili kazi iendelee. Nifanyeje?"

Mimi si fundi. Nilimjibu kama mwanahistoria: usifute usichokijua, mwite anayejua.

Fundi aliikuta diski ni nzima. Wiki chache kabla, diski nyingine ilikuwa imeongezwa, na seva haikuwahi kuzimwa tangu siku hiyo. Linux huzipa diski majina kadiri inavyozitambua wakati wa kuwaka. Hivyo iliyokuwa sdb ikawa sdc, ilhali orodha ya mfumo iliendelea kuita sdb. Dawa ilikuwa kuandika katika orodha hiyo kitambulisho cha kudumu cha hifadhi yenyewe, badala ya jina linalobadilika. Alieleza pia kwamba mara nyingine hifadhi iliyo mbali huitwa kabla mtandao haujawa tayari, au Windows huiacha diski ya pamoja bila kuiunganisha mpaka msimamizi aamuru. Katika hali zote hizo data ipo. Kilichokatika ni njia ya kuifikia. Kuifomati kungegeuza hitilafu ndogo kuwa msiba.

Ndugu msomaji, nayasimulia haya kwa sababu mwambao huu umeyapitia. Kila dola mpya ilipowashwa hapa, ilikuta kumbukumbu isiyoweza kuisoma, ikadhani hakuna kitu.

Julai 1905, watu wa Nandete katika milima ya Matumbi waling'oa pamba waliyolazimishwa kuilima. Agosti 4, Kinjikitile Ngwale alinyongwa na Wajerumani huko Mohoro, lakini Vita vya Maji Maji viliendelea kuenea. Watawala walipenda kuvieleza kama kazi ya waganga na ushirikina. Aliyetegemea majalada yao pekee angeweza kuamini kwamba wananchi hawakuwa na hoja. Hoja zilikuwepo, zimehifadhiwa katika vichwa vya wazee.

Mwaka 1968, Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam kiliendesha Mradi wa Utafiti wa Maji Maji. Wanafunzi walikwenda kuwahoji wazee, na Gilbert Gwassa alifanya utafiti wa kina katika eneo hili la Kilwa. Wazee walizungumzia pamba, kazi za shuruti, viboko na maakida. Sauti iliyonyamaza kwa zaidi ya miaka 60 ikasikika tena.

Jina linalobadilika nalo tunalijua. Operesheni Vijiji ya 1973 hadi 1976 iliwahamisha mamilioni ya Watanzania. Mtafiti anayeanza na ramani ya leo anaweza kukosa njia; anayeuliza ukoo, kisima na makaburi ya mababu ana nafasi ya kufika, kwa maana hivyo ndivyo vitambulisho vya kudumu.

Tunajua pia thamani ya nakala rudufu. Kilwa Kisiwani ilitekwa na kuporwa na Wareno mwaka 1505. Hata hivyo historia ya masultani wake imetufikia kwa njia mbili: nakala ya Kiarabu iliyoko Maktaba ya Uingereza jijini London, na masimulizi ya Kireno katika kitabu cha João de Barros kilichochapwa mwaka 1552. Nakala hizo hazikubaliani katika kila jambo, lakini kwa kuzilinganisha tunajua mengi ambayo moja isingetupa.

Kwa watumishi wa umma, funzo ni hili: msifute mlichoshindwa kukifungua, na msiweke majalada ya wananchi mahali pamoja tu. Shamba la mjane linaweza kutegemea ukurasa mmoja.

Kwa wanafunzi: wazee waliohojiwa mwaka 1968 wametangulia. Waliohamishwa wakiwa vijana miaka ya 1970 wangali nasi, na wengi wao hawajaulizwa. Likizo ijayo, nendeni mkawaulize, mwandike, kisha mhifadhi nakala zaidi ya moja.