Kamba ya Nahodha na Abiria wa Buha

Wenyeji wa nyanda za juu za Kasulu na Kibondo hawakupata kuhesabiwa miongoni mwa mabaharia, wala wao wenyewe, kwa kadiri habari za kale zinavyotuonyesha, hawakuitaka sifa hiyo. Kwani Buha ni nchi ya vilima na mabonde, ya ng'ombe, migomba, maharage na mihogo, na mtu aliyezaliwa Heru au Muhambwe aliweza kumaliza umri wake wote asiingie katika maji yaliyompita magoti. Ndugu zao Wajiji, ambao lugha yao na Kiha ni za ukoo mmoja, ndio waliokaa ukingoni mwa Ziwa Tanganyika wakajua habari za pepo na mawimbi. Lakini asiye baharia huwa abiria, na katika tarikhi za vyombo abiria ndiye aliyeandikiwa machache kuliko wote, ijapokuwa chombo kikipatwa na msiba aghalabu ndio wao walio wengi ndani yake. Nakusudia kusimulia habari za kitu kidogo sana, nacho ni kamba fupi pamoja na swichi yake, ambayo huzima mashine ya boti nahodha akianguka majini. Ila nitaisimulia kwa upande wa wale wanaoketi katikati ya chombo, mizigo yao ikiwa mapajani, wala hawana habari ya usukani.

Safari za majini za watu wa bara hii zilianzia mtoni kabla ya ziwani. Mto Malagarasi hutoka milimani karibu na mpaka wa Burundi, ukaizunguka nchi ya Buha kwa upande wa kaskazini na mashariki, ukajimwaga katika vinamasi vikubwa vya Muyovozi, ambavyo mwaka 2000 viliandikwa kuwa eneo la kwanza la Tanzania katika mkataba wa Ramsar, kisha ukageuka kuelekea magharibi, ukapita Uvinza penye chumvi, hata ukaingia ziwani. Kuuvuka mto huo ilikuwa biashara yenye wenyewe. Wasafiri Burton na Speke walipofika kivukoni mwaka 1858, wakiwa njiani kwenda Ujiji, ilibidi kwanza wapatane ada na mwenye kivuko, na Stanley aliyewafuata mwaka 1871 alikuta desturi ni ile ile, mabishano ya bei yakachukua saa nyingi kuliko uvukaji wenyewe. Punda mmoja wa msafara wake alipokuwa akivushwa kwa kuvutwa na kamba iliyofungwa shingoni, mamba alimdaka kooni akazama naye, na wapagazi waliokuwa wakiivuta ile kamba hawakuweza kumwokoa. Ng'ambo ya pili ndiyo ilikuwa Buha, ambako alidaiwa hongo mara kwa mara hata akaamua kuukimbia mkono wa wakuu wa nchi kwa kutembea usiku kwa siri. Na mimi sioni sababu ya kuwalaumu wakuu wale, kwa maana mgeni mwenye bunduki apitaye na marobota ya nguo si mtu wa kuachwa apite bure.

Katika mitumbwi ya Malagarasi, na katika ile mikubwa ya Ujiji iliyochongwa kwa miti ya Ugoma, ng'ambo ya magharibi ya ziwa, palikuwa na amani moja ambayo watu hawakuitambua mpaka ilipowaondoka. Chombo cha makafi hakiendi pasipo mtu. Mpiga kafi akichoka, chombo husitasita. Akianguka majini, wenzake huinua makafi, mtumbwi ukaelea pale pale, naye akafikiwa kwa kunyoshewa mti. Hatari zilikuwapo tele, za kusi lipigalo miezi ya kiangazi, za mamba na za mzigo kuzidi, lakini haikuwapo hatari ya chombo kuendelea na safari yake kwa nguvu zile zile hali mwenye kukiongoza hayumo.

Mashine ndiyo iliyoleta jambo hilo, na baadhi ya mashine ziliingia Tanganyika kwa mlango wa vita. Reli kutoka Dar es Salaam ilifika Kigoma mwaka 1914, na juu ya reli hiyo Wajerumani wakaileta meli yao Graf von Götzen ikiwa vipande vipande katika masanduku, wakaiunga upya na kuishusha majini Februari 1915. Hiyo ndiyo meli ambayo baadaye ilizamishwa na wenyewe, ikaibuliwa, ikarudi kazini mwaka 1927 kwa jina la Liemba. Waingereza nao, mwishoni mwa mwaka 1915, walifikisha ziwani, kwa upande wa Kongo, boti mbili ndogo za kasi zilizoitwa Mimi na Toutou, kila moja ikiwa na mashine mbili za petroli, baada ya kuziburuta porini kwa magari ya mvuke na maksai. Kabla ya mwaka kwisha walikuwa wameiteka meli ya Wajerumani Kingani, na Februari 1916 wakaizamisha nyingine, Hedwig von Wissmann. Msomaji atanisamehe nisikae sana hapo, maana vita hivyo vimeandikwa na wengi, na watu wa Buha waliochukuliwa upagazi wakati ule hawakuona katika boti hizo isipokuwa moshi.

Mashine iliyobadili maisha ya kila siku ilikuwa ya namna nyingine: ile ndogo ipachikwayo tezini kwa nje, ambayo mtu mmoja aweza kuiondoa jioni akaenda nayo nyumbani begani. Aliyeifanya kuwa bidhaa ya kuuzwa kwa wingi ni Ole Evinrude, mzaliwa wa Norwei aliyehamia Marekani, naye husimuliwa kwamba wazo lilimjia mwaka 1906 alipopiga makasia ziwani wakati wa joto kumletea mchumba wake aisikrimu, ikayeyuka njiani. Kisa ni kizuri mno kiasi cha kutiliwa shaka, lakini kiwanda kilianza kweli mwaka 1909. Waingereza walikuwa na British Seagull tangu miaka ya 1930, na Yamaha ya Japani ilitoa mashine yake ya kwanza ya boti mwaka 1960. Wa Yamaha ndio walioenea katika mialo ya Afrika Mashariki, kwa sababu mashine zao zilivumilia petroli mbovu na fundi mwenye spana chache.

Ukizichungua mashine za zamani, waona wazi kwamba watengenezaji walitumia akili yao yote katika kuwasha, wakabakiza kidogo tu kwa ajili ya kuzima. Seagull nyingi za kale hazikuwa na kitufe cha kuzimia hata kimoja: nahodha alifunga koki ya mafuta au akaibana hewa ya kabureta, kisha akangoja. Nyingine zilikuwa na kitufe, lakini kiliwekwa juu ya mashine yenyewe, mahali ambapo mtu aliyekwisha kuanguka majini hawezi kupafikia abadani. Mashine ikibaki bila mkono juu ya usukani wake, msukumo wa rafadha huupindisha upande mmoja, boti ikaanza kuzunguka duara kwa kasi, na duara hilo humrudia yule yule aliyeanguka. Haya si mambo ya maziwa ya Afrika peke yake, kwani Mei 2013 huko Padstow, Uingereza, familia nzima ilirushwa nje ya boti yao, kamba ya usalama ikiwa haijafungwa kwa mtu, boti ikawazungukia, wawili wakafariki na wengine wakajeruhiwa vibaya.

Je, mambo hayo yanamhusuje mtu wa Kasulu? Yanamhusu kwa chakula kwanza. Katika nusu ya pili ya karne iliyopita dagaa na migebuka waliovuliwa usiku kwa mwanga wa karabai walianikwa mchangani, wakatiwa katika magunia, wakapandishwa milimani kwa malori hadi masoko ya Kasulu na Kibondo, na malori hayo yakateremka na maharage ambayo mengine yalivushwa kwa boti hadi Kongo na Burundi. Na wachuuzi, wanaume kwa wanawake, walifuatana na mali zao, wakapanda Kibirizi, mwalo wa Kigoma ambako boti za abiria huondoka kuelekea vijiji vya kaskazini ambavyo barabara haikuvijali. Katika boti ndefu ya mbao iliyojaa magunia, nahodha hukaa juu ya ubao tezini, mkono mmoja nyuma yake ukishika usukani wa mashine, na mara nyingi husimama ili aone mbele kupita vichwa vya watu. Hapo ndipo penye hatari, kwani aliyesimama juu ya ubao uliolowa hahitaji wimbi kubwa kumwangusha.

Yanamhusu pili kwa ajili ya wageni wake. Mwaka 1996, vita vilipozuka Kivu ya Kusini, watu wa Uvira, Fizi na Baraka walilivuka ziwa kwa vyombo vya kila namna, wakapandishwa hadi kambi ya Nyarugusu iliyofunguliwa mwaka huo katika wilaya ya Kasulu. Na mwaka 2015, fitina za Burundi zilipowasukuma makumi ya maelfu ya watu katika kijiji cha Kagunga, kilichobanwa kati ya mlima na maji, njia ya kuwatoa ilikuwa ni ziwa: Liemba, aliyekwisha kutimiza miaka 100, aliwabeba kwa mamia hadi Kigoma, na maboti madogo yakawafikisha ubavuni mwake kwa sababu hapakuwa na gati la kumpokea. Kutoka Kigoma walipelekwa Nyarugusu, na ilipojaa zikafunguliwa tena Nduta ya Kibondo na Mtendeli ya Kakonko. Basi katika nyanda hizi za juu, ambako ziwa halionekani, wamekaa watu wengi ajabu waliowahi kuuweka uhai wao mikononi mwa mtu mmoja aliyesimama tezini usiku, nao hawakumjua jina.

Ile kamba ni chombo rahisi. Upande mmoja hufungwa mkononi au pajani mwa nahodha, upande wa pili una kibanio kinachoshikilia kitufe cha swichi. Kibanio kikichomoka, mashine huzimika. Mashine nyingi za siku hizi hutoka nazo kiwandani, na sheria ya Marekani, tangu tarehe 1 Aprili 2021, humlazimu mwendeshaji wa boti iliyo fupi kuliko futi 26 kuitumia awapo katika mwendo wa kasi. Mashine kongwe haina, lakini yaweza kutiwa, na mafundi wa pikipiki wa Kasulu, ambao hawajioni kuwa na nasaba yoyote na mambo ya ziwani, wanazo tayari elimu na spana zinazotakiwa. Wakiifungua flaiwili ya mashine ya zamani watakuta ndugu ya kitu wanachokishika kila siku: sumaku zinazozunguka, koili, platini na kondensa. Umeme wa kuchoma plagi huzaliwa humo humo, bila betri. Waya mmoja ukitolewa katika ule upande wa platini usiogusa bodi, ukapitishwa kwenye swichi, na wa pili ukafungwa kwenye bodi ya mashine, basi swichi ikijifunga umeme hukimbilia kwenye bodi, cheche ikakosekana, mashine ikanyamaza. Kwa Yamaha zisizo na platini waya wa kuzimia kwa kawaida ni mweupe, na mweusi ni wa bodi. Lakini mashine inayopata moto wake kwa betri isifanyiwe hivyo, kwa kuwa hiyo huzimwa kwa kukatiwa umeme, si kwa kuuelekeza kwenye bodi.

Katika maelezo haya mafupi mna jambo ambalo fundi mwenye haraka hulipita. Swichi ya namna hii hulala wazi wakati wote mashine inapokwenda, nayo hufanya kazi kwa kujifunga. Kwa hiyo waya ukikatika au ukiliwa na kutu, mashine haitazimika ng'o, wala hakuna dalili itakayomwonya nahodha, ambaye ataendelea kuivaa kamba yake kwa matumaini kamili. Dawa ni moja tu, nayo ni kuichomoa kila asubuhi boti ikiwa bado imefungwa mwaloni na mashine ikiunguruma polepole. Kuna na kinyume chake: maji yakipenya ndani ya swichi, yaweza kuugusisha waya na bodi, mashine ikafa katikati ya ziwa lenye kina cha mita 1,470, na hilo likimpata nahodha mara moja huukata waya wote akautupa. Siwezi kumwona mjinga, kwa kuwa mashine iliyozimika mbele ya kusi nayo huua. Kosa ni la aliyefunga swichi ya pikipiki iliyotengenezwa kwa ajili ya vumbi, akayaacha maungio yake wazi, badala ya kutafuta ile ya boti iliyozibwa kwa mpira na kuyapaka grisi maungio yote.

Limebaki jambo la abiria. Nahodha akianguka huondoka na kamba pamoja na kibanio chake, boti ikasimama kama ilivyokusudiwa, lakini sasa imebeba watu 20 au 30 walioteremka juzi kutoka Kasulu, na mashine haitakubali kuwaka maadamu kitufe hakina kitu cha kukishikilia, hali mtu wao anaelea nyuma na upepo unawatenga naye. Kwa ajili hiyo hutengenezwa kibanio cha akiba. Hufungwa kwa uzi karibu na mashine, na kabla boti haijasukumwa kutoka Kibirizi yafaa mtu mmoja wa ubao wa nyuma, awe mvuvi au mwanamke mwenye magunia ya maharage, aonyeshwe kilipo, namna ya kukipachika, na kamba ya kuvutia mashine.